CHUO CHA MAFUNZO NA MWANAFUNZI ASIYEJUA KUSOMA

Hapa Visiwani aliyehukumiwa kifungo hupelekwa Chuo cha Mafunzo, naye huitwa mwanafunzi. Majina hayo, yaliyoshika nafasi ya jela na mfungwa baada ya Mapinduzi ya 1964, si pambo. Ni ahadi kwamba mkosaji hatupwi, bali hufunzwa, ili arejee kwa jamaa zake akiwa raia mwenye manufaa. Ahadi hiyo inatulazimu kuuliza: je, mwanafunzi huyo anajua kusoma? Na kama hajui, ni kwa sababu gani?

Tarehe 23 Septemba, 1964, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na milango ya skuli ikafunguka kwa mtoto wa mkulima na wa mvuvi. Hata hivyo, wapo waliopita milango hiyo wakatoka mikono mitupu, na si wote waliokuwa watoro au wavivu. Wako waliozaliwa na ulemavu wa kujifunza: mmoja herufi humchanganya kila azitazamapo, mwingine hufahamu polepole kuliko wenziwe. Tuliosoma vyuo vya Kurani tunawajua. Mtoto huhifadhi Juzuu Amma kwa kusikia, lakini akioneshwa aya moja msahafuni, hawezi kuitambua. Huitwa mjinga, naye huzoea kuficha aibu yake kwa kuitikia kila aambiwalo.

Mazoea hayo ya kuitikia ndiyo hatari mbele ya sheria. Mtuhumiwa husomewa maelezo yake kituoni, huulizwa kama ameyafahamu, hujibu "ndiyo, bwana", kisha huweka dole gumba. Mahakamani huweza kukiri kosa asilolielewa. Akipewa dhamana, tarehe ya kurudi imo katika karatasi asiyoweza kuisoma. Siku ikimpita, huhesabiwa mkaidi. Taratibu zote zimefuatwa, lakini haki haikutendeka.

Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Methali hiyo yafaa barazani. Mahakamani haina nafasi. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 13 kinazitaka nchi ziwawezeshe watu hao kuifikia haki sawa na wengine, tangu hatua ya upelelezi. Aidha, Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinaagiza kwamba mfungwa asiyejua kusoma aelezwe haki zake kwa mdomo, na kwamba kumsomesha ni lazima, si hiari.

Watakuwapo watakaosema kwamba huko ni kumdekeza mhalifu. La, hasha! Hatuombi mwizi asamehewe wala aliyejeruhiwa asahauliwe. Tunasema kwamba adhabu isiyofahamika haimrekebishi mtu, na aliyetoka chuoni hawezi kusoma hata jina lake atarudi kijijini na njia zile zile chache alizoondoka nazo.

Kwa hiyo tunawahimiza wahusika mambo matatu. Kwanza, askari na hakimu wasitosheke na neno "ndiyo". Wamtake mtuhumiwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokifahamu, na tarehe atajiwe yeye pamoja na jamaa yake. Pili, kila anayeingia Chuo cha Mafunzo apimwe kusoma na kuandika, na macho na masikio yake pia, ili asiyefundishwa atofautishwe na asiyeweza kufunzwa kwa njia ya kawaida. Tatu, walimu wa elimu mjumuisho walioko maskulini washirikishwe katika madarasa ya vyuo hivyo.

Masheha na viongozi wa Chama matawini nao wana wajibu, kwani wao humjua kijana huyo kabla ya polisi kumjua. Tumekwisha kumwita mwanafunzi. Sasa na tumsomeshe.