Kabla ya Kunyang'anya Simu: Kijana Anatafuta Nini Katika Michezo ya Mtandaoni?

Wazazi wengi wanalalamika kwamba kijana wao hakeshi tena kwa ajili ya masomo, bali kwa ajili ya michezo ya mtandaoni. Hukumu huwa ya haraka: ni mvivu, hana nidhamu. Tunaona inafaa tutazame suala hili kwa kina zaidi.

Shirika la Afya Duniani limeliingiza tatizo hili katika uainishaji wa magonjwa unaotumika tangu 1 Januari 2022. Dalili zake ni tatu: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea licha ya madhara yaliyo wazi. Kwa kawaida hali hiyo hudumu angalau miezi 12. Basi, si kila apendaye mchezo ni mgonjwa.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanaeleza kwamba binadamu anahitaji mambo matatu: kujiamulia, kujiona anaweza, na kuhusiana na wenzake. Mchezo hutoa yote matatu kwa haraka. Aliyeshindwa darasani hupanda ngazi kila usiku; asiyesikilizwa nyumbani huongoza kikosi. Tena zawadi huja bila kutabirika, na matumaini ya "mara moja tu" humfunga. Upweke, wasiwasi na sonona mara nyingi huambatana na tatizo hili, vikiwa chanzo au matokeo.

Ndiyo maana makatazo peke yake hayatoshi. Mwaka 2011 Korea Kusini iliwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2021 iliamua kuifuta sheria hiyo. Sheria huweza kuzima mchezo, lakini haiwezi kuketi mezani na mtoto.

Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu 7 Septemba 2025, alipenda michezo ya video, lakini alijiwekea mpaka wa saa moja kwa wiki. Aliweza kwa sababu moyo wake haukuwa mtupu: ulijaa Ekaristi, familia na marafiki.

Wazazi wapendwa, mipaka ni ya lazima, lakini itanguliwe na maswali: mtoto wetu anakimbia nini? Ana nani wa kuzungumza naye? Majibu yakionesha sonona, tumpeleke kwa mtaalamu bila aibu. Simu ikiondolewa na upweke ukabaki, bado hatujamponya.