Waraka Umelala Kabatini, Watoto Wako Sokoni



Mtu ashukaye garini hapa Kwa Sadala siku ya soko, kitu cha kwanza akionacho ni ndizi. Mikungu imelazwa chini safu kwa safu, akinamama wa Masama na Machame wameshuka nayo tangu alfajiri, na watu wa tambarare wamepanda na mahindi na maharage yao. Sisi twapita hapo mara kwa mara kwa kazi ya Chama, kuandikisha wanachama na kukusanya ada, na twakiri kwamba kwa muda mrefu macho yetu yalitafuta watu wa kuandikisha tu. Siku hizi twauliza na jambo la pili. Tukimwona kijana wa umri wa shule anauza parachichi saa nne za asubuhi, twamwuliza: shule uliiacha lini, na kwa nini?

Mwezi uliopita binti mmoja mwenye mtoto mgongoni alitujibu kwa adabu kwamba alikuwa Kidato cha Pili, akaondoka kwa ajili ya mtoto huyo. Tukamwuliza kama ajua kuwa anaruhusiwa kurudi darasani. Akacheka. "Mwalimu, mimi nilishafutwa." Tukahesabu naye kwa vidole. Alikuwa amekaa nje mwaka mmoja na miezi minane.

Hesabu hiyo msomaji aishike. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, pamoja na waliopata ujauzito, wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Ukatolewa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka ule, na mwongozo wake mwanzoni mwa 2022. Muda uliowekwa ni miaka miwili tangu mwanafunzi aache. Basi binti yule alibakiwa na miezi minne. Mwalimu wake hakumwambia, mwenyekiti wa kitongoji hakumwambia, na sisi tuliopita mbele ya kikapu chake tangu mwaka jana hatukumwambia. Waraka upo, umepigwa mhuri, umelala kabatini.

Tukumbushane tulikotoka. Kanuni za mwaka 2002 zilitumiwa kumfukuza msichana mwenye mimba kana kwamba ametenda uhalifu, na mwezi wa Juni 2017, pale Chalinze, Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba katika uongozi wake aliyezaa hatarudi shule. Hatuyaandiki haya kumsuta marehemu. Twayaandika kwa kuwa maneno ya mkubwa hukaa masikioni mwa watu miaka mingi, na waraka ulioyafuta haukupigiwa ngoma kama yalivyopigiwa yale. Mpaka leo ukifika nyumba ya kumi utaambiwa kwamba serikali imekataza.

Wako wazee wetu, wenye heshima zao, wasiopenda habari hii. Katika mkutano wa tawi moja huku Masama mzee mmoja alisimama akasema, "Vijana, mkimrudisha huyu, wadogo zake watajifunza nini?" Swali la haki, wala si la kudharau. Tulimwamkia kwanza, kisha tukamwuliza: "Mzee wetu, na yule aliyempa mimba yuko wapi?" Mkutano ukanyamaza. Tangu 2016 sheria yasema anayempa mimba mwanafunzi atafungwa miaka 30. Lakini yule kijana, kama kila mtu pale alivyojua, alikuwa ameondoka kwenda Arusha kutafuta kazi, na nauli alipewa na baba yake mzazi. Wadogo wa binti wamekwisha kujifunza, mzee wetu. Wamejifunza kwamba mwanamume hukimbia na mwanamke hubaki na adhabu ya wawili.

Jambo hili la kufukuza ni la zamani kuliko waraka wowote. Mkoloni alikuwa na ungo wake. Aliwapepeta watoto wa Kiafrika Darasa la Nne, akawapepeta tena Darasa la Nane, maana alihitaji makarani wachache, na pumba zirudi shambani. Tulipojitawala tukaurithi ule ungo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alieleza kwamba katika watoto mia waliomaliza shule ya msingi, kumi na watatu hivi ndio watakaopata nafasi ya sekondari, na hao themanini na saba waliobaki hurudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Shule zimeongezeka sana tangu siku zile, hilo hapana mwenye kulikana, na huku Kilimanjaro watu walijenga shule kabla hata ya kuambiwa. Lakini neno "ameshindwa" bado twalitamka kwa urahisi ule ule wa mkoloni.

Mwaka 2013 tuliona jambo la ajabu. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012 yalipotangazwa Februari, watahiniwa 240,903 walipata sifuri. Zaidi ya nusu! Wazazi walilia nchi nzima. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na mwezi wa Mei serikali ikayafuta matokeo yale, ikaagiza yapangwe upya. Sisi twasema hivi: wanaposhindwa watoto laki mbili na nusu, taifa lauliza, "Je, kosa ni letu?" Anaposhindwa mmoja, nyuma ya darasa la shule ya kijiji, twasema ni mvivu. Kosa la shule laweza kuwa lile lile, ila mmoja hana wa kumwundia tume.

Nasi tuna la kuungama. Chuoni tulifundishwa ualimu vizuri. Tulijua kuandika andalio la somo na azimio la kazi, tulijua kuandika ubaoni mstari usiopinda. Tulipokwenda mazoezini katika shule moja, ambayo hatutaitaja, kulikuwa na mvulana aliyelala darasani kila siku baada ya saa nne. Tulimwonya mara mbili. Mara ya tatu tukampeleka kwa mkubwa akachapwa. Hatukumwuliza analala kwa nini. Mwenyeji yeyote wa mlimani angekisia: ng'ombe wa kihamba hula zizini, majani yatoka tambarare, na mtu wa kuyafuata usiku wa manane katika nyumba isiyo na baba alikuwa ni yeye. Muhula haukwisha akaacha shule. Leo anaendesha bodaboda, kituo chake ni hapa hapa Kwa Sadala, na kila tushukapo garini hutuamkia, "Shikamoo mwalimu." Twaitikia. Hatujapata kuitikia salamu nzito kuliko hiyo.

Kijana huyo bado ana njia, na tumekwisha kumwonyesha: aliyeishia Darasa la Saba aweza kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha akafanya Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina masomo yake. Viko vyuo vya ufundi vya VETA, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa tangu 1975, ambavyo hupokea hata akinamama wenye watoto wachanga. Alisema atafikiri. Pikipiki ni ya mtu, na hesabu ya siku haingoji.

Sasa tuingie kazini, maana hao tuwafukuzao shuleni ndio tuwafukuzao tena kwenye ajira.

Mlinzi, mpakiaji wa mizigo, dada wa nyumbani, kondakta, kibarua wa shamba la maua: hawa wote hufukuzwa kwa maneno mawili, "Kesho usije." Tajiri amekasirika, basi. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi hivyo. Yataka pawe na sababu ya haki na utaratibu wa haki, kwa kila mfanyakazi aliyefikisha miezi sita kazini. Kanuni zake za 2007 zaeleza kwamba kosa la kwanza, lisipokuwa zito, halimfukuzishi mtu, aonywe kwanza. Asiyeiweza kazi aelekezwe, afundishwe, apewe muda wa kujirekebisha, na kabla ya kufukuzwa asikilizwe. Akifukuzwa ovyo ana siku 30 za kupeleka malalamiko yake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku thelathini, ndugu, si miezi mitatu ya kunung'unika kilabuni. Huu nao ni waraka uliolala kabatini.

Na tusidhani kwamba tajiri ni mtu wa mbali mwenye tumbo. Wengine ni wanachama wetu wenyewe. Mama mwenye hoteli ndogo stendi, ambaye msaidizi wake amechelewa siku tatu mfululizo na chai imewakosa abiria, naye ana watoto wa kulisha. Tulimshauri mmoja wa namna hiyo akae na binti wake wa kazi, amwulize, waandikiane. Ikaonekana kwamba binti alikuwa akitembea kutoka Rundugai kwa miguu, kwa kuwa mshahara wa mwezi ulipita haujalipwa wote. Hapo nani wa kupewa onyo?

Serikali yenyewe imepata kukosea na kurudi nyuma. Katika ule uhakiki wa vyeti vya watumishi, waliondolewa kazini pia watu wa darasa la saba, madereva, walinzi na watendaji, ambao hawakughushi chochote. Kosa lao lilikuwa kutokuwa na cheti cha Kidato cha Nne. Mwaka 2018 ikaagizwa kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe kazini. Walioghushi hawakurudishwa, na sisi hatuwaombei. Kusamehe na kupofuka ni vitu viwili.

Wengine husema ukali ndio uliojenga nchi hii, na hutaja wanafunzi wa Chuo Kikuu wa mwaka 1966. Haya, tuwataje. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na baadhi walibeba mabango ya kusifu wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere alighadhibika, akawarudisha makwao karibu mia nne. Hiyo ndiyo nusu ya hadithi ambayo watu hupenda kuisimulia. Nusu ya pili ni kwamba siku ile ile alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa kuwa katika makelele yao alisikia neno la kweli juu ya mishahara ya wakubwa. Na wengi wa vijana wale hawakufungiwa mlango milele. Baadaye waliruhusiwa kurudi masomoni. Mmoja wao, Samuel Sitta, ndiye aliyekuwa Spika wa Bunge kutoka 2005 hadi 2010. Kama mlango ungepigwa kufuli mwaka 1966, Bunge lingempata wapi?

Lakini hatutaki kumlaghai msomaji kwa mifano mizuri mitupu. Katika tawi letu moja mweka hazina alikula ada za wanachama. Si fedha nyingi, ila zilikuwa za akinamama wauza ndizi. Wengine walitaka afukuzwe siku ile ile. Sisi tuliomba apewe nafasi, alipe kidogo kidogo, naye alilia mbele ya mkutano. Tukampa. Kitabu cha stakabadhi tukakiacha mikononi mwake kama kwanza, kwa kuona haya ya kumnyang'anya. Baada ya miezi mitano fedha zikapotea tena. Akinamama walitulaumu sisi kuliko yeye, na walikuwa na haki. Kumrudisha mtu pale pale alipoanguka, peke yake, bila mtu wa kuhesabu naye kila Jumamosi, ni kumtega. Sasa hashiki fedha. Anashika daftari la mikutano, na analishika vizuri.

Kwa hiyo twapendekeza katika matawi yote ya Hai jambo dogo. Kila balozi aandike majina ya watoto wa nyumba zake kumi walioacha shule, na tarehe waliyoacha, kabla miaka miwili haijawapita. Majina yaletwe tawini, na mtu wa tawi afuatane na mzazi mpaka kwa mwalimu mkuu. Asiende mzazi peke yake. Mzazi peke yake huambiwa njoo kesho. Mfanyakazi aliyefukuzwa naye aje tawini siku ile ile, asingoje siku thelathini zimwishie.

Yule binti wa parachichi tulimpeleka Jumatatu. Tulikwenda na bibi yake, aliyevaa kitenge chake cha kanisani. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akafungua kabati, akautafuta waraka katikati ya mafaili, akaupata. Alisoma kimya, kisha akavua miwani akauliza, "Na huyu mtoto mchana atakaa na nani?"

Bibi akajibu kabla yetu: "Na mimi, mwalimu. Ila maziwa mtanisaidia."

Tawi limechanga maziwa ya mwezi wa kwanza.