Picha ya mwana wa mtu ni amana

Kandanda ya shule za sekondari katika nchi yetu huchezwa zaidi muhula wa pili, wakati kusi imeshika na mawingu ya masika hayajamaliza kuondoka. Kwetu pwani, baada ya sala ya alasiri, utawaona watu wakimiminika viwanjani: wazazi, walimu, vijana waliomaliza shule zamani, na watoto wa madrasa wangali na kofia zao kichwani. Siku hizi utaona pia simu zimeinuliwa juu kama bendera. Mpira ukiingia wavuni, wanaopiga makofi ni wachache kuliko wanaopiga picha.

Mimi mwenyewe ni mpiga picha, na viwanja hivyo nimevizoea. Sina ugomvi na picha. Ugomvi wangu ni juu ya namna tunavyozipiga na tunavyozitumia baadaye. Kwa maoni yangu, picha ya mwanafunzi akicheza mpira ni amana. Mwenye kuichukua ana wajibu wa mambo matatu: aipige kwa ustadi, aichukue kwa idhini, na airudishe kwa mwenyewe. Hebu tuyatazame moja baada ya jingine.

Tuanze na ustadi. Wengi hudhani jua letu kali ni neema kwa kamera. Walakini jua la saa saba, likiwa utosini, hutia giza machoni na chini ya pua, na kijana mzuri wa sura akatoka kama mgonjwa. Mechi ikianza saa kumi, jua limekwisha kushuka upande wa magharibi. Hapo mpiga picha mwenye akili hukaa jua likiwa mgongoni mwake, akapiga goti karibu na pembe ya uwanja, ili wachezaji waje wakimkabili na mwanga ukiwapiga usoni. Na kwa kuwa mchezaji hasimami kungoja picha, kamera iwe nyepesi: mwanga uingie kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde, na bora zaidi sehemu moja ya elfu. La sivyo, miguu itatoka kama moshi.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo latuhusu sisi zaidi ya watu wengine. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kila iliyoelekezewa ni ya rangi ya kijivu, si nyeupe wala si nyeusi. Mwelekezee kijana mweusi aliyevaa jezi nyeupe, kamera itauogopa weupe wa jezi na kuipunguzia picha mwanga. Jezi itatoka safi, na uso utatoka kama kaa. Mwelekezee msichana aliyevaa hijabu nyeusi na nguo nyeusi, kamera itazidisha mwanga mpaka uso uonekane umebabuka. Dawa yake ni rahisi na ni ya zamani: pima mwanga kwenye majani ya kiwanja yanayopigwa na jua lile lile, uuzuie hapo, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya uso mweusi. Baada ya hapo piga, na jezi iwe ya rangi yoyote.

Yafaa tukumbuke kwamba vyombo hivi havikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Kwa miaka mingi, maabara za kusafishia picha za rangi zilipima kazi yao kwa kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke wa kizungu, na kadi hizo ziliitwa Shirley. Rangi ya mwanamke yule ikitoka sawa, filamu ilihesabiwa kuwa ni sawa. Wanaoijua historia hiyo wanaeleza kwamba wenye viwanda vya chokoleti na vya samani za mbao walilalamika kuwa rangi zao za kahawia hazitoki vizuri, na malalamiko hayo yalisaidia kuifanya filamu irekebishwe. Simu za leo zimepiga hatua kubwa. Lakini mpiga picha anayeiachia mashine kila kitu huenda akamfanya mwana wa mtu kuwa kivuli kisicho na uso, na hiyo si heshima.

Jambo la pili ni idhini, na hapa ndipo penye uzito. Mathalani, wasichana wetu. Kwa muda mrefu waliokuwa wakijisitiri walifungiwa mlango wa kandanda ya dunia. Mwaka 2007 wakuu wa sheria za mpira waliunga mkono uamuzi wa kumtoa uwanjani msichana mmoja huko Kanada kwa sababu ya hijabu. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan katika mechi ya kufuzu kwa Olimpiki kwa sababu hiyo hiyo. Ruhusa ya majaribio ilitoka mwaka 2012, na ruhusa kamili ikatoka Machi 2014. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Moroko akawa mwanamke wa kwanza kucheza katika Kombe la Dunia la wakubwa akiwa amevaa hijabu, na picha zake zikaenea ulimwengu mzima.

Lakini Benzina ni mtu mzima, tena mchezaji wa kulipwa, na alipoingia uwanjani alijua kamera zinamngoja. Msichana wetu wa kidato cha pili ni mtoto wa watu. Baba yake amekubali acheze mbele ya wazazi na walimu. Hakukubali kwamba picha ya binti yake, hijabu imeteleza kwa kugombania mpira, izunguke katika simu za wanaume asiowajua. Mzazi kama huyo akiiona picha hiyo, hatamlaumu aliyeipiga. Atamwondoa mwanawe katika timu, na msichana ndiye atakayeadhibiwa kwa kosa la mtu mwingine. Kwa hivyo wale wasemao kwamba picha husaidia kuukuza mpira wa wasichana wajue kwamba picha moja isiyo na adabu huweza kuvunja timu nzima.

Wavulana nao wana haki zao. Kipa aliyepitwa na mpira dakika ya mwisho akaanguka akilia, hahitaji machozi yake yatangazwe mji mzima kabla hajafika kwao.

Wako wanaojitetea kwa kusema kuwa kiwanja ni mahali pa hadhara, na aliye hadharani hana siri. Hoja hiyo haina nguvu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yasema wazi kwamba habari za mtoto zisishughulikiwe bila ya idhini ya mzazi au mlezi wake. Mwezi wa Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya wazazi kukubali. Kweli, waandishi wa habari wamewekewa nafasi yao katika sheria hiyo. Lakini kila mwenye simu si mwandishi wa habari, na hata mwandishi hapotezi kitu kwa kuuliza.

Upande wa pili wako wazee wetu wanaotaka kamera zisiingie viwanjani kabisa. Nawaheshimu, na mimi si mwanachuoni. Nijualo ni kwamba wanavyuoni wenyewe wamehitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera, akitoa hoja kwamba kamera huzuia kivuli tu na haiumbi kitu. Wako wengine walioikataa rai hiyo. Mzazi anayefuata rai ya kukataa ana haki mwanawe asipigwe picha, na mzazi anayefuata rai ya kukubali ana haki mwanawe apigwe picha nzuri. Tukiuliza kwanza, wote wawili hubaki na haki zao.

Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi: kurudisha. Zamani mtu alikwenda studio ya Parekh hapa Mombasa, au kwa Omar Said Bakor kule Lamu, kwa miguu yake mwenyewe, amejipamba, akijua anapigwa picha. Baadaye aliishika picha hiyo mkononi, akaitundika ukutani au akamtumia jamaa yake ng'ambo. Leo mwanafunzi mmoja hupigwa picha mia mbili katika mechi moja, na huenda akamaliza kidato cha nne bila ya kuwa na hata moja. Picha zake wanazo watu wa mbali, naye hana. Mchukuaji wa amana akikataa kuirudisha, sote twajua anaitwaje.

Ushauri wangu kwa shule ni huu. Mwanzoni mwa muhula kila mchezaji apewe karatasi ya idhini aipeleke nyumbani. Mzazi aandike kama anakubali mwanawe apigwe picha, na kama anakubali picha itolewe nje ya shule, kwani hayo ni mambo mawili. Shule imteue mpiga picha mmoja au wawili, ikiwezekana mwanamke kwa mechi za wasichana, na wapewe orodha ya wale wasiotakiwa kupigwa. Picha za maumivu, za kilio na za nguo iliyokaa vibaya zifutwe pale pale. Msimu ukiisha, kila mchezaji apewe picha yake moja iliyochapwa kwenye karatasi, na ya timu nzima itundikwe ukutani shuleni.

Gharama yake ni ndogo. Karatasi ya idhini ni ya ukurasa mmoja, na picha moja ya kuchapa haizidi bei ya jozi ya soksi za mpira. Wakuu wa shule na walimu wa michezo wanaosoma maneno haya hawahitaji kungoja amri kutoka Nairobi. Muhula wa pili ujao unatosha kuanza.