Jua la Baridi Nalo Linaunguza

Sisi wa visiwani tumezoea kulipima jua kwa jasho. Upepo ukivuma tunasema leo jua halina nguvu. Ndiyo maana dada zetu walioolewa bara, huko Mogitu wilayani Hanang, wanashangaa uso kuota madoa ilhali asubuhi wanajitanda mashuka kwa baridi. Kumbe miale inayodhuru ngozi siyo ile inayoleta joto. Kila ukipanda mita 1,000 huongezeka kwa kama asilimia 10, na nchi ile ya Mlima Hanang iko juu. Kilele chenyewe ni mita 3,420.

Sasa anayeshinda shambani akipalilia mahindi, madoa yakimtoka, anauziwa nini? Mkorogo! Hapa ndipo tunapokasirika. Weusi wetu ndio mwavuli wa kwanza wa ngozi, na haidrokwinoni huuzuia mwili kuutengeneza. Unauchana mwavuli, kisha unarudi juani. Ukiendelea miaka, ngozi huweza kugeuka rangi ya kibuluu-nyeusi isiyotoka. Zebaki ni mbaya zaidi: huharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza nchini krimu za zebaki. Kwenye boksi hujiita mercury au calomel, au haitajwi kabisa. Krimu isiyoandikwa viambato msiinunue, hata kama muuzaji ni shoga yako.

Mafuta ya nazi tunayapenda (nani asiyeyapenda?), ila jua hayalizuii. Mtandio, kofia pana na mwavuli vinatosha wengi wetu. Mwenye uwezo achukue losheni ya SPF 30 yenye oksidi ya zinki, na arudie kupaka kila baada ya saa mbili.

Lakini yupo ambaye kofia peke yake haimtoshi: mwenye ualbino. Kwake jua ni saratani ya ngozi, tena mapema. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Tunachotaka sisi ni ikae kwenye zahanati ya kila kata kama zinavyokaa dawa za malaria, Mogitu na Micheweni sawasawa, mama asisubiri mfadhili apite. Mwenye ndugu huko amwulize mganga wake wiki hii: ipo, na kama haipo, imeagizwa lini?