Gari la Shule Lisiuzwe Kabla ya Kupimwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana mabwenini, yaani habari ya kuuza Land Rover la shule. Yasemwa kwamba gari hilo limezeeka, kwamba haliwezi tena kupanda mlima wa kutoka mjini, na kwamba ni afadhali wapewe wanunuzi wa vyuma chakavu kuliko kuendelea kulitilia fedha. Mimi napinga. Sipingi kwa sababu ya kulipenda tu, ingawa nalipenda, bali kwa sababu uzee si jina la ugonjwa. Babu akikohoa hatumwambii kwamba amezeeka kisha tukamwacha; twampeleka akapimwe kifua.

Tukumbuke kwanza kazi ya gari hili. Hospitali iko mbali nasi, na mwanafunzi akishikwa na malaria kali usiku hapana basi barabarani. Muhula uliopita mwenzetu wa Kidato cha Pili alikuwamo ndani yake lilipozimika katikati ya mlima. Alikaa pale zaidi ya saa moja, akitetemeka chini ya blanketi, mpaka lilipopita lori la mchanga. Wanaotaka liuzwe hulitaja jambo hilo kuwa hoja yao. Kwangu mimi ni hoja ya kutaka kujua lilizimika kwa nini, maana fedha ya kununua jingine hatujaiona, na gari lililokwisha kuuzwa halipandi mlima wowote.

Gari lenyewe ni la mtindo wa Series III, uliotengenezwa Uingereza tangu 1971 hata 1985, lenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Tangi liko nyuma. Pampu imefungwa ubavuni mwa injini, nayo huendeshwa na shafti ya injini yenyewe: shafti husukuma mkono wa pampu, mkono huvuta kiwambo cha mpira, na kiwambo huvuta petroli kutoka nyuma na kuipeleka mbele kwenye kabureta. Hayo ndiyo yote. Hamna kompyuta ndani yake wala siri. Kitu cha namna hiyo huulizwa maswali nacho kikajibu.

Hebu sasa tutazame dalili zake. Likiwa limesimama, hunguruma vizuri. Tambarare huenda bila matata. Mlimani dereva akikanyaga mafuta, hukohoa, hupungukiwa nguvu, hufa. Likingojewa dakika chache huwaka kana kwamba halikuwa na neno, kisha mbele kidogo hufa tena. Mwenye kujua kabureta ilivyo hatashangaa. Ndani yake mna kisima kidogo chenye boya. Petroli ikipungua, boya hushuka, sindano hufunguka, na petroli nyingine huingia. Injini ikinguruma polepole hunywa kidogo sana, hata pampu dhaifu yaweza kukijaza kisima hicho. Mlimani injini hunywa kwa pupa, nacho hukauka upesi kuliko kinavyojazwa. Ukingoja, yale matone machache hukijaza tena. Tena cheche za umeme zikikatika, injini kwa kawaida hufa ghafula kama taa iliyozimwa. Petroli ikipungua, hufa kwa kukohoa. Basi dalili zote zaonyesha kwamba petroli haifiki ya kutosha. Zaidi ya hapo haifai kubuni. Yapasa kupima.

Nasikitika kusema kwamba waliolitengeneza hawakupima. Gereji moja mjini ilibadilisha pampu mara mbili na kabureta mara moja katika mwaka huu mmoja, na kila mara gari lilirudi na kikohozi chake kile kile. Siwalaumu mafundi wote, kwani wako wengi walio hodari kuliko vitabu. Nalaumu desturi ya kununua kipuri kwanza na kuuliza baadaye.

Kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, Jumamosi moja sisi watatu wa Kidato cha Nne tulilipima pamoja na mwalimu wetu wa Fizikia na mzee wetu dereva. Geji ya petroli hatukuiamini. Tulitia kijiti safi ndani ya tangi. Petroli ilikuwamo. Kifuniko cha tangi kilikuwa kizima na tundu lake la hewa wazi. (Tundu hilo likiziba, petroli inapotoka hewa haiingii kushika nafasi yake, na mwishowe pampu hushindwa kuvuta. Ukifungua kifuniko wasikia hewa ikiingia kwa mlio, na gari laenda tena. Ningependa kila dereva aanzie hapo, kwa kuwa kipimo hicho ni cha bure.)

Halafu tulichomoa waya mnene wa koili, tukafungua paipu penye kabureta, tukaielekeza ndani ya chupa. Injini tuliizungusha kwa hendeli. Petroli ilitoka kwa mapigo dhaifu, nayo ilikuwa na mapovu. Hata katika lile bakuli la kioo lililo chini ya pampu mapovu yalionekana. Kisha tukafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingefanywa tangu siku ya kwanza lingeiokolea shule fedha nyingi. Tulifungua paipu inayoingia katika pampu, mahali pake tukachomeka mpira safi, na mwisho wake tukautumbukiza katika dumu la petroli. Hendeli ikazungushwa. Petroli ikaruka kwa nguvu kila pigo, bila povu. Kwa hiyo pampu ni nzima. Kioo nacho kimekaa vizuri juu ya mpira wake, maana kingepitisha hewa tungaliona mapovu mara ya pili pia. Kosa liko kati ya tangi na pampu.

Hapo mzee dereva alibisha, na hoja yake ilikuwa ya maana. Alisema amelala chini ya gari mara nyingi, ameipapasa paipu yote, haina hata tone linalovuja. Lakini upande huo wa paipu hausukumwi, huvutwa. Kunywa dafu kwa mrija wenye kitundu juu: dafu halimwagiki kupitia kitundu, bali wewe wavuta hewa na shavu lako lachoka bure. Paipu nayo ni hivyo hivyo. Ufa mdogo kwenye mpira uliokauka hauonyeshi tone nje, ila huingiza hewa ndani, na pampu ikivuta hewa haivuti petroli.

Wasomaji wenzangu, kila mwaka twachora pampu katika madaftari yetu. Twaandika kwamba ni kanieneo ya hewa inayopandisha kimiminika, na kwamba Torricelli alionyesha uzito wa hewa kwa zebaki mwaka 1643. Twapata alama zetu. Na huku nje ya dirisha pampu ya kweli ilihukumiwa mara mbili bila kosa! Hata nadhani najua ile ya kwanza ilivyohukumiwa. Pampu hizi zina kijimkono cha kupampu kwa kidole. Injini ikisimama huku shafti imeusukuma mkono wa ndani mpaka mwisho, kijimkono hicho hulegea, na asiyejua husema pampu imekufa. Ukizungusha injini mzunguko mmoja, nguvu hurudi.

Wengine wamesema kwamba petroli yachemka ndani ya paipu kwa joto. Jambo hilo lipo, kwa kuwa sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye joto la karibu digrii 40, na juu mlimani huchemka mapema zaidi. Lakini gari letu limezimika hata alfajiri yenye baridi na ukungu. Kitambaa kilicholowa juu ya pampu hakitalisaidia.

Neno moja kwa watakaotaka kujaribu: msivute petroli kwa mdomo. Nimeona madereva wakifanya hivyo na kucheka, lakini ikiteleza kidogo tu ikaingia mapafuni yaweza kuua. Wala msiimimine kabureta kwa chupa huku mwenzenu akizungusha injini, na koroboi au sigara isiwe karibu. Sisi tuliweka ndoo mbili za mchanga, na mwalimu hakuturuhusu kugusa spana kabla hazijafika.

Ombi langu kwa Bodi ya Shule ni dogo. Kabla ya kikao cha kuamua, tupewe paipu mpya ya kutoka tangi hata pampu pamoja na mipira yake, na Jumamosi moja ya kuifunga. Bei yake haifiki hata pampu moja katika zile mbili zilizonunuliwa. Likifungwa vema na bado likafia mlimani, mimi mwenyewe nitaandika katika gazeti hili muhula ujao kusema liuzwe. Mpaka hapo, dumu tupu na ule mpira vimo katika stoo ya maabara, na mzee dereva, ambaye sasa ndiye mwenye kulitetea gari kuliko sisi sote, amekubali kumwonyesha mapovu yale mtu yeyote asiyeamini.

Wako,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne