Istilahi Kwanza au Mafunzo Kwanza? Funzo la Jiometri katika Vyuo Vikuu vya Uingereza

Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya kufundisha hisabati kwa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Tanzania ni kwamba lugha hii haina istilahi za kutosha. Kwa mujibu wa hoja hiyo, istilahi hazina budi kukamilika kwanza, ndipo mafunzo yafuate. Historia ya ufundishaji wa jiometri nchini Uingereza, ambako ndiko ilikotoka lugha inayotumika katika vyuo hivyo, inaonyesha mpangilio ulio kinyume.

Katika karne ya 16 lugha ya mafunzo Oxford na Cambridge ilikuwa Kilatini. Mwaka 1551 Robert Recorde, msomi aliyepitia vyuo vyote viwili, alichapisha kitabu cha jiometri kwa Kiingereza, The Pathway to Knowledge. Kwa kuwa istilahi hazikuwapo, alizibuni. Mistari sambamba aliiita gemowe, yaani pacha. Pembetatu yenye pande tatu sawa aliiita threlike. Na tanjenti aliiita mstari wa mguso. Mwaka 1570 Henry Billingsley, mfanyabiashara wa London, alitoa tafsiri ya Euclid kwa Kiingereza. Katika dibaji ya tafsiri hiyo, John Dee alilazimika kuwatuliza wale waliohofia kwamba vyuo vikuu vingedhurika.

Vyuo havikudhurika. Katika Chuo cha Gresham, London, mihadhara ilitolewa kwa Kilatini na kwa Kiingereza pia. Henry Briggs, profesa wa kwanza wa jiometri chuoni hapo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukalia kiti cha jiometri kilichoasisiwa Oxford na Henry Savile mwaka 1619. Hata hivyo, Kilatini hakikutoweka mara moja. Newton alikitumia kuandika Principia mwaka 1687, na tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1729. Katika karne hiyo ya 18, huko Cambridge, midahalo ya Kilatini ilififia huku mtihani wa hisabati uliofanywa kwa Kiingereza ukipata nguvu.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, mafunzo ndiyo yaliyoziita istilahi, wala si istilahi zilizoyaruhusu mafunzo. Pili, istilahi nyingi za Recorde zilikufa. Kiingereza kiliishia kukopa maneno ya Kigiriki na Kilatini. Kufa kwake hakukuwa hasara. Matumizi ndiyo yaliyochuja, na hakuna kamati ambayo ingeweza kuyatabiri matokeo hayo.

Kiswahili kinaanzia mbali zaidi ya pale alipoanzia Recorde. Tangu 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, watoto wa Tanzania wamejifunza pembetatu, mstatili, duara na kipenyo. Pembetatu yenye pande mbili sawa huitwa pembetatu pacha, taswira ileile aliyoitumia Recorde kwa mistari yake. Lakini mwanafunzi anapoingia sekondari hulazimika kuyatua maneno hayo mlangoni. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985 na vyuo vikuu mwaka 1991/92. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Itasemwa kwamba maandishi ya kitaalamu yako katika Kiingereza. Ni kweli, na mwanahisabati hana budi kuyasoma, kama Newton alivyohitaji Kilatini. Lakini kusoma kwa lugha moja hakuzuii kufafanua kwa nyingine. Uthabiti wa uthibitisho wa kijiometri hutegemea kila hatua kueleweka kabla ya inayofuata; mwanafunzi anayekariri hatua asizozielewa hajifunzi jiometri. Semina na mazoezi yangeweza kuendeshwa kwa Kiswahili, kwa istilahi zilizopo na za kukopa. Orodha za istilahi zisizotamkwa darasani hubaki kuwa orodha tu. Anayesubiri zikamilike kabla ya kufundisha anasubiri kujua kuogelea kabla ya kuingia majini.