Treni ya Bububu yarudi, mara hii sebuleni

Katika nyumba moja ya Malindi, Mji Mkongwe, treni ya Bububu imeanza safari tena. Inaondoka karibu na Ngome Kongwe, inapenya kati ya nyumba za kadibodi, inaingia kwenye minazi na kufika Bububu kabla chai haijapoa. Mabehewa yake ni maboksi ya kiberiti na yanavutwa kwa uzi wa cherehani.

Walioijenga ni baba, mfanyakazi wa bandarini, na binti yake wa miaka 11 anayesoma darasa la tano. Kazi iliwachukua Ijumaa sita, baada ya sala na chakula cha mchana. Katikati nusura ife, na sababu haikuwa gundi wala ubao.

Ilianza na picha ya zamani iliyokuwa ikizunguka kwenye simu: treni inapita uchochoroni, karibu iguse kuta za nyumba.

"Baba, hapa ni Zanzibar kweli?"

"Hapa hapa. Babu wa babu yako huenda aliipanda."

Ni kweli. Kisiwa cha Unguja kilikuwa na reli, tena zaidi ya moja. Katika enzi ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, iliwekwa reli ya kwenda Chukwani, kusini ya mji, na mwanzoni mabehewa yake yalivutwa na nyumbu. Baadaye ikaja ile inayokumbukwa zaidi, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney & Co. na kufunguliwa mwaka 1905. Ilitoka karibu na Ngome Kongwe, ikapita mjini na kwenda kaskazini hadi Bububu, maili 7 hivi, yaani kilomita 11. Miaka ya 1920 abiria wakahamia kwenye magari na treni ikasimama. Leo njia hiyo ya Bububu ni ya daladala nambari 502.

Mtoto akataka kuijenga. Baba akanunua plaiwudi moja, fundi akaipasua katikati kwa urefu, wakabaki na ubao wa mita 2.4 unaoweza kusimamishwa nyuma ya mlango kazi ikisita.

Hesabu ilikuwa mtihani wa kwanza. Kilomita 11 ziingie kwenye mita 2.4? Binti akagawa: kila sentimita moja ingebeba karibu mita 46. Nyumba ya ghorofa yenye urefu wa mita 10 ingekuwa na milimita 2 tu, kama punje ya mchele iliyolala. Wakaona haifai. Badala ya kujenga njia yote, wakachagua vipande vinne: kituo cha Ngome, uchochoro wa mji, Mtoni na Bububu. Kilichobaki kati yao kikawa minazi.

Vifaa vilitoka humo humo ndani. Maboksi ya dawa ya meno yakawa nyumba, yakapakwa chokaa. Makonyo ya karafuu yakasimamishwa kwenye gundi yakawa vichaka. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yakawa nyasi. Reli ni vijiti vya mishikaki, kiasi cha 20, vilivyogundishwa kwa mistari miwili yenye nafasi ya sentimita 4, ili boksi la kiberiti liteleze katikati bila kuchomoka. Mataruma yakachorwa kwa kalamu. Kila mwisho wa ubao pakapigwa msumari na kuvishwa kile kigurudumu cha plastiki kinachobaki uzi wa cherehani ukiisha. Uzi mmoja umefungwa mbele ya kichwa cha treni, mwengine nyuma ya behewa la mwisho. Ukizungusha Bububu treni inakwenda. Ukizungusha Ngome inarudi. Njia inabidi iwe imenyooka, kwa sababu kwenye kona uzi hulivuta behewa nje.

Ijumaa ya kwanza na ya pili baba alifanya kosa ambalo wazazi wengi hulifanya bila kujua. Kila binti aliposhika mkasi, baba aliuchukua: "Lete, utaharibu." Kila kijiti kilipokaa upande, alikinyoosha mwenyewe. Kufikia magharibi ubao ulikuwa umenyooka vizuri, na mtoto alikuwa amekaa barazani anaangalia paka.

Ijumaa ya tatu wakafika Bububu. Baba, huku akigundisha paa la kituo, akasimulia kama alivyosimuliwa na baba yake: "Unajua kwa nini panaitwa Bububu? Ni mlio wa treni. Ikija, bu-bu-bu-bu! Watu wakapaita hivyo."

Binti akacheka. Lakini wiki iliyofuata alirudi kutoka skuli na jambo. Mwalimu wa historia alikuwa amewasomesha habari za Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa kwenye kasri la Mtoni mwaka 1844, akaondoka Zanzibar mwaka 1866, na baadaye akajulikana Ulaya kama Emily Ruete. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, na ndani yake anaitaja Bububu, mahali alipowahi kukaa.

"Baba, 1905 kutoa 1886 ni 19. Jina lilikuwepo kabla ya treni. Basi haliwezi kuwa mlio wa treni."

Baba alikuwa ametoka zamu, amechoka, na sebuleni palikuwa na wageni wawili. "Wewe unayajua zaidi kuliko babu yako?" alisema. "Watoto wa siku hizi!"

Wageni wakacheka. Binti akanyamaza, akaweka kalamu chini, akaenda chumbani. Ijumaa iliyofuata hakuja kwenye ubao. Alisema ana kazi ya skuli. Baba aliendelea peke yake nusu saa, kisha akausimamisha ubao nyuma ya mlango.

Aliyesema neno ni bibi, mama yake baba, aliyekuwa akisuka ukili pembeni muda wote.

"Mwanangu, mtoto kaja na hesabu, wewe umemjibu kwa ukali. Kesho akijua jambo kubwa zaidi ya hilo, la skuli au la njiani, atakwambia?"

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Jina la Bububu ni jambo dogo. Lakini mtoto wa miaka 11 yuko ukingoni mwa umri ambao atasikia na kuona mengi mbali na macho ya wazazi. Akijifunza kwamba kumwambia baba "si hivyo" huleta kicheko cha wageni, atajifunza pia kukaa kimya, na kimya hicho hakitaishia kwenye treni.

Usiku ule baba aligonga mlango wa chumba. Hakuenda na zawadi.

"Mwanangu, nilikukosea mbele ya watu. Nieleze tena ile hesabu, nami nitasikiliza."

Akaelezwa. Akauliza maswali mawili ya kweli, ya mtu asiyejua: kitabu kiliandikwa kwa lugha gani, na kama si treni, jina limetoka wapi? La kwanza binti alilijua: Kijerumani. La pili hakulijua. Bibi akasema kwamba wengine hulinasibisha na mlio wa maji ya chemchemi, maana Bububu ni mahali pa chemchemi, na tangu enzi ya Barghash maji yake yaliletwa mjini kwa mabomba. Hilo nalo wakaliandika kama simulizi, bila kulitangaza kuwa ndilo jibu.

Ijumaa iliyofuata kazi iligawanywa upya. Kisu cha kukatia plaiwudi na kadibodi nene kilibaki kwa baba. Mkasi, gundi, rangi na uamuzi wa nini kikae wapi vikawa vya binti. Kijiti kimoja cha reli karibu na Mtoni kimekaa upande mpaka leo. Treni ikifika hapo hukwama kidogo, na baba ameuzuia mkono wake.

Mzazi anayetaka kuanza kazi kama hii hahitaji treni ya umeme wala pesa nyingi. Anahitaji ubao, siku moja maalumu kwa wiki isiyoahirishwa ovyo, na simu iwekwe chumba chengine. Anahitaji pia mambo mawili yaliyo magumu kuliko gundi: kuacha mkono wa mtoto ukosee, na kuacha mdomo wake umsahihishe mkubwa kwa adabu. Adabu ni namna ya kusema. Mtoto aliyesema "Baba, 1905 kutoa 1886" hakuvunja adabu yoyote.

Kwenye kituo cha Bububu sasa pana kibao kilichoandikwa kwa mkono wa binti: "Watu husema jina hili ni mlio wa treni. Treni ilikuja 1905. Jina lilikuwepo kabla."

Juma lililopita ami yake alikuja kutembea. Akauzunguka ubao, akausifu, kisha akatabasamu. "Mnajua lakini kwa nini panaitwa Bububu?"

Baba alifungua mdomo, akaufunga. Akamwonesha binti kwa kidevu.

"Muulize mwenyewe."